Miezi sita ya garanti ni mingi mno

*Mama, mimi ni nesi, nina miaka 27. Nimepata nyumba ya chumba na saluni katika Cité Gécamines, hapa Kolwezi. Ni nyumba ya enzi za Wabelgiji, matofali mazito, mwembe uani, na kazini naenda kwa miguu. Mwenye nyumba anataka garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi sita. Lakini kuna ufa unaotoka dirishani mpaka darini, na majirani wanasema mgodi unakaribia. Niingie au niache? – Mpangaji, Kolwezi*

Mwanangu, ukiipenda ingia, lakini usitoe zaidi ya garanti ya miezi mitatu. Ufa huo unastahili kukuhangaisha, ila kubwa zaidi ni hili: siku mgodi ukifika mlangoni, hasara itamwangukia nani? Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilianzisha mji huu mwaka 1937 na kuwajengea wafanyakazi wake nyumba karibu na machimbo, ili king'ora kikilia wafike upesi. Ukaribu huo uliokuwa faida kwa mfanyakazi sasa ni hatari kwa mkaaji. COMMUS, kampuni ya Zijin ya China na Gécamines ya serikali, ilifufua uchimbaji pembeni mwa kartiye hiyo unayotaka kukaa mwaka 2015. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti kuhusu familia zilizolazimika kuhama Cité Gécamines, na wakaaji wakaeleza habari za kuta zilizopasuka. Kasulo, kartiye nyingine ya hapa, nayo tuliiona: kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu mwaka 2014, na kufikia 2017 watu walikuwa wakihamishwa.

Sasa tazama fedha zinavyotembea. Mgodi ukihamisha watu, unakaa mezani na mwenye parseli, kwa sababu karatasi zina jina lake. Wewe mpangaji una garanti tu, na garanti hiyo mara nyingi mwenye nyumba amekwisha kuitumia. Ndiyo maana kwetu mpangaji anayetaka kuondoka huila garanti yake: miezi ya mwisho anakaa bila kulipa. Ukiambiwa uhame haraka, nafasi ya kuila huna. Kila mwezi unaouongeza leo ni fedha unayomkopesha mtu ambaye huenda kesho akalipwa na mgodi, nawe ukabaki unamtafuta kwa simu.

Utaniambia usipotoa sita, mwingine atatoa, maana Kolwezi imejaa watu waliofuata kazi na komisyoneri, yule dalali wa nyumba, hana subira. Ni kweli. Lakini Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, kwa hiyo huombi huruma. Utasema pia kwamba sheria hiyo haifuatwi. Wengi hawaifuati, ndiyo, lakini mwenye nyumba huyu ana sababu ya kukusikiliza: nyumba yenye ufa, katika kartiye yenye habari za kuhamishwa, haipati kila siku mpangaji mwenye mshahara wa mwezi. Na ukisema mgodi unaweza kuchelewa miaka kumi, vizuri, utakaa miaka kumi kwa garanti ya miezi mitatu bila kupoteza kitu.

Kabla ya kutoa dola hata moja, omba kuona karatasi za parseli, ujue unayempa fedha ndiye mwenye nyumba na si mpangaji mwenzako. Piga picha ufa huo pamoja na mwenye nyumba, tarehe ionekane, asije akakudai ukarabati wake. Mtafute fundi mwashi aseme kama ukuta unabeba paa salama. Akisema haubebi, achana na nyumba hiyo hata kwa bei ya bure. Katika mkataba andikeni kwamba mgodi au serikali ikiwahamisha, garanti yote inarudi kabla hujatoa vyombo. Shefu wa kartiye awe shahidi, na risiti ibaki kwako. Asipokubali kuyaandika hayo, tafuta nyumba nyingine, hata kama itakubidi kupanda motokari kila asubuhi.