Usiichomeke Kwanza, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Tegeta ameniandikia. Amerithi amplifaya ya marehemu baba yake, ya miaka ya 1970, iliyokaa stoo muda mrefu. Fundi mmoja kamwambia vipuri vimezeeka, aitupe. Mwingine kamwambia vitu vya zamani havifi, achomeke tu asikilize. Amsikilize nani?

Usimsikilize hata mmoja, mpenzi. Vipuri vya chombo kimoja havizeeki kwa pamoja. Transista na transfoma zisipoungua hudumu miongo mingi. Inayochoka mapema ni kapasita ya elektroliti, ile yenye umbo la kopo. Ndani yake mna majimaji, na joto huyakausha. Kwa makadirio ya mafundi, joto likipanda nyuzi 10, uhai wake hupungua kwa nusu. Na stoo zetu za bati mwezi wa Februari unazijua.

Kukaa bila kutumika nako kunaidhuru. Utando unaozuia umeme ndani ya kapasita hudhoofika chombo kikilala miaka. Ukikipa volti 230 ghafla, kapasita inaweza kuchemka, kuvimba hata kupasuka, na kuiunguza transfoma ambayo kuipata tena ni kazi.

Halafu sisi tuko jirani na bahari. Hewa ya chumvi inayotoka Kunduchi na Ununio hula swichi na miguu ya vipuri, na vumbi huingia kwenye volyumu ikaanza kukwaruza. Hilo lisikutishe, mara nyingi dawa ya kusafishia swichi inatosha.

Sasa fanya hivi. Soma nyuma ya amplifaya inataka volti ngapi, maana zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani huungua kwa umeme wetu. Fundi aifungue, atafute kapasita zilizovimba au kuvuja, azipime kwa mita, aanze na zile kubwa za pawa. Mpya ziwe na maikrofaradi zilezile, volti zisipungue, na ziwe za nyuzi 105 badala ya 85. Kuiwasha mara ya kwanza apitishe umeme kwenye balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa mfululizo. Balbu ikiendelea kuwaka kwa nguvu bila kufifia, kuna shoti. Wewe usiingize mkono humo, kwani kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Akitaka kubadilisha transista zote, muulize ni ipi aliyoipima akaikuta mbovu. Asipokuonyesha, beba chombo chako uondoke.

Vyombo vya aina hii ndivyo vilivyowasikilizisha wazazi wetu muziki wa Msondo na Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Vinastahili fundi makini. Umri peke yake si ugonjwa: amplifaya iliyopimwa na kubadilishiwa kapasita iamini. Ambayo haijapimwa, hata kama inapiga vizuri leo, usiiache imewashwa ukatoka nyumbani.