Deni Lililosamehewa Lisidaiwe Tena Nyumbani



Waamini wengi husali Rozari ya Huruma ya Mungu saa tisa alasiri, saa ambayo Bwana wetu alikufa msalabani. Mwaka 2000, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Sista Faustina Kowalska wa Poland kuwa mtakatifu, alitangaza pia kwamba Jumapili ya pili ya Pasaka iitwe Jumapili ya Huruma ya Mungu. Ibada hii ni njema. Lakini kwenu ninyi wenye ndoa ina swali lake: huruma mnayoiomba kanisani, je, inafika nyumbani?

Tuchukue mfano. Mume aliuza ng'ombe aliyewekwa kwa ajili ya karo, akazimaliza pesa kwa pombe. Mtoto akakosa shule muhula mzima. Baadaye mume akatubu, akaenda kuungama, akamwomba mkewe msamaha, na sasa analeta mshahara wake nyumbani. Mke akasema, "Nimekusamehe." Lakini kila wanapokosana, hata kwa jambo dogo la chumvi, habari za yule ng'ombe hurudi. Zinatajwa mbele ya watoto, na hata mbele ya wakwe. Waume nao hufanya vivyo hivyo: mke alikosa mara moja, naye anakumbushwa kila mwaka.

Yesu alilifahamu jambo hili. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, anasimulia habari za mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Fanya hesabu: hizo ni siku milioni 60 za kazi. Hakuna mtu awezaye kulipa deni hilo, hata akiishi mara elfu. Mfalme alimhurumia, akalifuta lote. Huo ndio wokovu wetu: hatukuununua, tulipewa bure.

Yule mtumwa alipotoka nje, alimkaba mwenzake aliyemdai dinari 100. Angalia vizuri, dinari 100 si kidogo. Ni mshahara wa zaidi ya miezi mitatu. Yesu hasemi kwamba uchungu wako ni bure, wala kwamba karo iliyoliwa haikuwa kitu. Anakuomba uliweke deni hilo kando ya lile ulilofutiwa wewe. Mtumwa yule aliishia gerezani, si kwa sababu mfalme alikosa huruma, bali kwa sababu huruma aliyoipokea hakutaka impitie imfikie mwenzake.

Hata hivyo, tusichanganye mambo. Kusamehe si kuficha uovu. Mke anayepigwa hajaamriwa akae apigwe mpaka afe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema kwamba mwenzi anayemhatarisha vikubwa mwenzake au watoto, kimwili au kiroho, anampa sababu halali ya kutengana naye, na ikiwa kungojea idhini ya Askofu kuna hatari, aondoke mara moja. Unaweza kumsamehe mtu ukiwa mahali salama. Naye aliyekosa asidai kuaminiwa upesi. Msamaha hutolewa siku moja, lakini imani hujengwa polepole. Mwenye kutubu kweli hukubali kuonyesha mshahara wake bila kununa.

Basi, fanyeni hivi. Kosa likizungumzwa na kusamehewa, kubalianeni kwamba halitatajwa tena katika ugomvi mwingine. Jeraha likiuma bado, useme, "Bado naumia," badala ya kusema, "Wewe ni yule yule." Nendeni kuungama mara kwa mara, kwa maana asiyejua amesamehewa kiasi gani hawezi kusamehe. Mkishindwa peke yenu, mwendeeni padre, au wazee wa ndoa wanaoweza kutunza siri katika jumuiya yenu.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, jiulizeni pamoja:

1. Ni kosa gani la zamani ambalo mimi hulirudia tukigombana?
2. Mungu amenisamehe nini ambacho nisingependa kitajwe mbele ya watoto wangu?
3. Ni tendo gani litakalomsaidia mwenzangu kuniamini tena?

Mungu Mwenye huruma azibariki nyumba zenu.