Vidonge vya Kutafuta Mtoto na Hofu ya Kansa

Jioni moja baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinisubiri nje. Ameolewa miaka saba na hajajaliwa mtoto. Daktari alikuwa amempa klomifeni, vidonge vya kusaidia yai lipevuke, naye akavificha chini ya godoro asimeze hata kimoja. Wifi yake alimwambia kwamba wanaovimeza hupata kansa. Mume alidhani anameza, na kila mwezi aliuliza, "Bado?"

Hofu ya mama huyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1994 watafiti wa Seattle, Marekani, walitoa habari za wanawake 3,837 waliochunguzwa utasa. Waliotumia klomifeni kwa mizunguko 12 au zaidi walionekana kupata uvimbe wa ovari, yaani kifuko cha mayai, kuliko wengine. Lakini wagonjwa wote waliopatikana walikuwa 11 tu, na kwa idadi hiyo ni vigumu kukata shauri.

Kwa hiyo wengine walichunguza zaidi. Mwaka 2009 huko Denmark waliangalia wanawake 54,362 wenye matatizo ya uzazi, wasione uthibitisho kwamba dawa hizo zinaleta kansa ya ovari. Mwaka 2016 Waholanzi, waliofuatilia wanawake zaidi ya 25,000 kwa miaka ipatayo 21, hawakuona kansa ya matiti ikizidi kwa sababu ya matibabu ya kutungisha mimba maabara. (Njia hiyo Kanisa halikubali, dawa ya kusaidia tendo la ndoa lenyewe lizae haikatazwi.)

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kutozaa kabisa kwenyewe huongeza kidogo hatari ya kansa ya ovari, ya matiti na ya tumbo la uzazi. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki, akakaa miezi mingi bila hedhi, utando wa ndani ya tumbo la uzazi huweza kunenepa na baadaye kugeuka kansa. Ndiyo maana mtu huwalaumu vidonge wakati shida ilikuwepo kabla ya vidonge. Mama wa namna hiyo anahitaji daktari hata kama hatafuti mtoto tena.

Ninachoogopa mimi ni vidonge vya kununua kemisti bila kupimwa, au vya kuazima kwa jirani, vikamezwa mwaka mzima. Kwa kawaida daktari hutoa kwa mizunguko michache, kama sita, kisha anatafuta njia nyingine. Tumbo likifura lisishuke, damu ikitoka nje ya siku zake, au ukigusa uvimbe kwenye titi, usingoje. Kansa ya mlango wa kizazi ni jambo jingine: huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kipimo chake kipo hata kwa mama asiye mgonjwa.

Nawe baba unayesoma, umepimwa? Kama mbegu zako ni chache, mkeo anameza dawa za bure.

Mama yule alimwambia mumewe ukweli. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu wakaenda hospitali pamoja, na baba ndiye aliyepimwa kwanza.