Nyumba ya zamani Kakoba: mkimbizi anaruhusiwa kuinunua?

Swali: Mimi ni Mkongomani, nina duka Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mzee mmoja ananiuzia nyumba yake ya siku nyingi huko Kakoba, Mbarara. Je, sheria inaniruhusu?
– Mama msomaji, Nakivale

Jibu: Inakuruhusu, mama, ila si kwa umiliki wa milele. Katiba ya Uganda ya 1995 inawaachia raia ardhi; asiye raia hupata kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na mkataba wa miaka 5 au zaidi lazima usajiliwe. Ikiwa hati ya mzee ni ya umiliki wa kudumu, wakili akuandikie mkataba wa kukodi. Usithubutu kuweka jina la rafiki Mganda “kwa muda tu”. Hapo umeshamzawadia nyumba.

Mitaa ya zamani ina mtego wake. Viwanja vingi vya mjini vilitolewa kwa kukodi miaka mingi iliyopita, basi uliza imebaki miaka mingapi ya mkataba huo. Ikiwa ni 6, unanunua matofali na mabati. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi Mbarara, kisha mpimaji ayatafute mawe ya mipaka. Huenda jirani alishajenga jiko juu yake. Mke wa mzee naye atie saini, maana nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake. Muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) unamtambulisha muuzaji, hauthibitishi umiliki.

Na kama una kiwanja Nakivale, usikiuze ili upate malipo ya kwanza: ulipewa ukitumie, ardhi ni ya serikali.