Rangi Zilizopotea Majini: Urekebishaji wa Rangi katika Video za Matumbawe ya Mafia

Kisiwa cha Mafia kimo katika Bahari ya Hindi, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya eneo hilo, pamoja na Ghuba ya Chole na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza ya aina hiyo katika Tanzania. Tangu hapo kamera za watafiti na za wageni zimeteremshwa mara nyingi katika matumbawe yake, na siku hizi hata simu ya mkononi iliyofungwa katika kasha lisilopitisha maji huweza kupiga video humo.

Mtu anayetazama video hizo kwa mara ya kwanza huvunjika moyo. Tumbawe ambalo mzamiaji aliliona likiwa na rangi ya kahawia iliyokolea huonekana la buluu iliyofifia, na samaki mwekundu huonekana mweusi. Ndipo wengi hukimbilia programu za kuhariri video. Programu hizo huweza kuongezewa programu ndogo zinazochomekwa ndani yake kwa kazi maalumu. Hizi huitwa programu jalizi. Nyingine zimetengenezwa mahsusi kwa picha za chini ya maji, na kwa kubonyeza mara moja buluu yote hutoweka na matumbawe yakang'aa.

Je, rangi hizo zimerudishwa, au zimebuniwa? Swali hili ni zito, kwa sababu rangi ya tumbawe ni dalili ya afya yake. Katika makala haya tutaonyesha kwamba jibu hupatikana kwa hesabu ya kuzidisha ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

1. Bahari ni chujio

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali. Mawimbi yenye urefu wa nanometa 650 hivi tunayaona kuwa mekundu, ya nanometa 550 ni ya kijani, na ya nanometa 450 ni ya buluu. Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer alieleza kwamba mwanga unapopita katika kitu kinachoufyonza, kila tabaka lenye unene ulio sawa hufyonza sehemu ile ile ya mwanga uliolifikia. Kwa hiyo mwanga haupungui kwa kutoa, bali kwa kuzidisha.

Katika maji safi kabisa, sehemu ya mwanga inayobaki baada ya kila mita moja ni hii:

Nyekundu (nanometa 650): 0.712
Kijani (nanometa 550): 0.945
Buluu (nanometa 450): 0.991

Tuchukue tumbawe lililo mita 5 chini ya maji, na kamera iliyo mita 1 kutoka hapo. Mwanga umesafiri mita 5 kushuka na mita 1 kuelekea kwenye kamera, jumla mita 6. Tukizidisha 0.712 kwa yenyewe hadi iwe mara sita, tunapata 0.13. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za mwanga mwekundu zimebaki 13 tu. Kwa hesabu hiyo hiyo zimebaki sehemu 71 za kijani na 95 za buluu. Njia ikiwa mita 12, nyekundu hubaki chini ya sehemu 2 katika 100.

Hayo ni maji safi. Maji ya bahari yana chembe za udongo, viumbe wadogo na mabaki ya mimea, navyo hubadili hesabu. Upande wa magharibi wa Mafia, karibu na Kilindoni, hupokea maji yenye tope kutoka Rufiji, na mara nyingi huwa ya kijani. Katika Ghuba ya Chole maji hubadilika siku moja na saa chache: yanapojaa, maji maangavu ya bahari kuu huingia kupitia mlango wa Kinasi, yanapokupwa, hutoka yakiwa na ukungu. Mtaalamu wa Sweden, Nils Jerlov, aliyagawa maji ya bahari katika aina kadhaa za bahari kuu na za pwani kwa kadiri yanavyopitisha mwanga. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja kinachofaa kwa bahari zote.

2. Namba tatu za kila nukta

Picha ya video imeundwa kwa nukta nyingi ndogo ziitwazo pikseli. Kila pikseli huhifadhiwa kama namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Katika video ya kawaida ya biti 8 kila namba huanzia 0 hadi 255, yaani ngazi 256. Katika video ya biti 10 kuna ngazi 1,024. Kwa urahisi wa hesabu tutachukulia kwamba namba hizo zinalingana moja kwa moja na wingi wa mwanga, ingawa kamera halisi huzipinda kidogo ili zilingane na jicho la mwanadamu.

Kibao cheupe, ambacho nje ya maji kingesomeka 255, 255, 255, katika mfano wetu wa mita 6 kitasomeka takriban 33, 182, 241. Tumbawe la kahawia ambalo nje ya maji lingesomeka 102, 77, 38 litasomeka 13, 55, 36. Hiyo ndiyo sababu ya picha kuonekana ya buluu na kijani.

3. Programu jalizi hufanya nini?

Ingawa majina ya kibiashara ni mengi, kazi zinazofanywa na programu hizi ni za namna tatu.

Namna ya kwanza ni kuzidisha. Ikiwa kibao cheupe kimesomeka 33 badala ya 255, nyekundu yote huzidishwa kwa 7.7, kijani huzidishwa kwa 1.4, na buluu kwa 1.06. Tumbawe letu la 13, 55, 36 linakuwa 100, 77, 38. Hapo rangi imerudishwa kwa haki, kwa maana habari yake ilikuwamo katika picha, ikiwa hafifu. Lakini urejeshaji huo una gharama. Nyekundu ilikuwa na ngazi 33 tu, nazo sasa zimetandazwa kufunika ngazi 255. Kwa hiyo mabadiliko laini ya rangi huwa michirizi. Aidha, kila chenga iliyokuwamo katika nyekundu nayo imezidishwa mara 7.7.

Namna ya pili ni kuchanganya. Nyekundu inapokuwa imekwisha, programu huazima namba za kijani na kuziweka mahali pa nyekundu. Kibao cheupe kitarudi kuwa cheupe, na mtazamaji ataridhika. Hata hivyo nyekundu hiyo ni ya kuazima. Mwani wa kijani uliofunika tumbawe lililokufa utapewa nyekundu sawa na kijani chake, na utaonekana wa manjano, karibu na rangi ya tumbawe hai. Hapa rangi imebuniwa.

Namna ya tatu ni jedwali. Mtengenezaji huandaa orodha inayosema kwamba namba tatu fulani zikiingia, namba tatu fulani zitoke. Jedwali lililo la kawaida lina vituo 33 kwa kila rangi, yaani 33 × 33 × 33, jumla vituo 35,937. Thamani zilizo katikati ya vituo hukadiriwa. Jedwali halijui picha ilipigwa wapi wala kwa kina gani. Linatii tu.

4. Tofauti ya mita mbili

Tuseme mtu ametumia jedwali lililotengenezwa kwa njia ya mita 8, ilhali picha yake ni ya mita 6. Nyekundu itazidishwa kwa 15.2 badala ya 7.7, na kijani kwa 1.57 badala ya 1.4. Tumbawe letu la kahawia litatoka likiwa takriban 198, 86, 39, yaani rangi ya machungwa iliyowiva. Mita mbili tu zimetosha kuligeuza tumbawe la kawaida kuwa kiumbe ambacho mvuvi wa Jibondo hajapata kukiona.

Msomaji atambue pia kwamba katika picha moja vitu haviko mbali kwa kadiri moja. Kilicho karibu na kamera huhitaji kizidisho kidogo, na kilicho nyuma huhitaji kikubwa. Zaidi ya hayo, chembe zilizo majini hutawanya mwanga na kuutupa katika lenzi, zikitandaza pazia la buluu mbele ya kila kitu. Pazia hilo ni nyongeza, nalo hapana budi liondolewe kwa kutoa kabla ya kuzidisha. Mwaka 2019 Derya Akkaynak na Tali Treibitz walitangaza njia iitwayo Sea-thru, ambayo kwanza hukadiria umbali wa kila pikseli kutoka kwenye kamera, ndipo ikasahihisha kila moja kwa kipimo chake. Funzo kubwa la kazi hiyo ni kwamba bila kujua umbali hakuna usahihisho wa kweli.

5. Rangi kama ushahidi

Tumbawe ni mnyama anayeishi pamoja na mwani mdogo mno wa seli moja ndani ya mwili wake. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na ndio unaolipa tumbawe sehemu kubwa ya rangi yake ya kahawia. Maji yanapopata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika: mwani hutoka, na kupitia ngozi iliyobaki bila rangi huonekana mifupa myeupe ya chokaa. Hali hii huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lakini joto likiendelea hufa. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Mafia, na mwaka 2016 upaukaji ulirudi katika Bahari ya Hindi ya magharibi.

Sasa tazama hatari iliyopo. Mhariri akiongeza nyekundu kupita kiasi, tumbawe lililoanza kupauka litapata wekundu wa udongo na litaonekana zima. Akiongeza mwangaza kupita kiasi, tumbawe zima la kahawia litafifia na kuonekana limepauka. Makosa yote mawili hufanyika kwa nia njema, kwa kutafuta uzuri. Kwa video ya kutangaza utalii madhara yake si makubwa. Lakini video inayopelekwa mbele ya mkutano wa kijiji, ili watu waamue kama mwamba fulani upumzishwe uvuvi, ni ushahidi. Na ushahidi ukipakwa rangi, uamuzi hupotoka na riziki za watu huguswa.

Si kila kazi ya utafiti huhitaji rangi. Papa potwe, wanaoonekana karibu na Kilindoni hasa kuanzia Oktoba hadi Februari, hutambuliwa mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa meupe nyuma ya matamvua. Kwa kazi hiyo picha isiyo na rangi yatosha, mradi madoa yatofautiane na ngozi.

6. Kanuni za kazi

Kwa anayetaka video yake iaminike, tunapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, na kazi yote ifanywe juu ya nakala.

(b) Zima usawazishaji wa weupe unaojiendesha wenyewe katika kamera, kwani hubadilika kila kamera inapogeuka.

(c) Piga kwanza kibao chenye nyeupe, kijivu na rangi zinazojulikana, kikiwa kando ya tumbawe lenyewe. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kupitia mradi wa CoralWatch ulioanza mwaka 2002, kilitengeneza kadi yenye ngazi sita za kukolea kwa rangi; mzamiaji huilinganisha na tumbawe papo hapo majini, kwa hiyo maji huchuja vyote viwili sawasawa.

(d) Sogea karibu. Ukiweza, tumia taa, kwani mwanga wa taa haujasafiri kutoka juu ya maji.

(e) Sahihisha kwa kuzidisha kabla ya kufikiria kuchanganya, na tumia kipimo kile kile kwa picha zote za mahali pamoja.

(f) Andika kina, umbali, saa, hali ya maji kujaa au kupwa, na kila hatua ya urekebishaji. Unapoonyesha video, onyesha pia sehemu yake isiyorekebishwa.

7. Jaribio la darasani

Mwalimu asiye karibu na bahari aweza kufanya jaribio hili. Weka mezani karatasi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Funika lenzi ya simu kwa karatasi angavu za plastiki za buluu, moja juu ya nyingine, hadi nyekundu na nyeusi zionekane sawa. Piga picha, kisha wanafunzi wajaribu kuzirudisha rangi kwa programu yoyote. Nyeupe itarudi. Nyekundu na nyeusi hazitatenganishwa na programu yoyote, maana vitu viwili vilivyokwisha kuwa namba moja havina tena cha kuvitofautisha. Kisha ondoa plastiki moja moja, na kila mara mjaribu upya, hadi mfikie kiwango ambacho usahihisho unawezekana.

Maswali

1. Katika maji safi, ni njia ya mita ngapi inayoifanya nyekundu ya kibao cheupe ishuke chini ya 10 katika kipimo cha 0 hadi 255?

2. Rudia hesabu ya sehemu ya 3 kwa video ya biti 10. Ni ngazi ngapi za nyekundu zinazobaki katika mita 6? Je, biti zaidi huongeza mwanga mwekundu uliofika kwenye kamera?

3. Chujio jekundu likiwekwa mbele ya lenzi, picha huonekana yenye uwiano mzuri zaidi. Eleza kwa nini chujio hilo haliongezi mwanga mwekundu hata kidogo.

4. Umeletewa video ya mwamba wenye rangi za kupendeza sana, isiyo na kibao wala maelezo ya kina. Taja maswali matatu utakayomwuliza aliyeipiga kabla ya kuitumia kama ushahidi wa afya ya matumbawe.