Fari za jipu yako zinamulika upande gani?

Ndugu mfanyakazi, leo ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya taa za mbele za jipu, zile tunazoita fari. Pengine utauliza: muganga ana kazi gani na fari? Mfupa wa paja ukivunjika barabarani, analetewa nani? Basi afadhali tuzungumze mapema.

Fikiri barabara ya Sake, kutoka Ndosho kuelekea Mugunga, saa kumi na mbili na nusu za jioni. Kwetu jua likizama, giza haliko mbali. Pembeni ya barabara wanatembea mama wanaotoka soko, watoto wenye bidoni za maji, na vijana wa chukudu wanaosukuma magunia ya makala. Chukudu ni mbao tupu, haina taa. Na chini ni mawe ya Nyiragongo, meusi kama chungu. Mtu mwenye nguo nyeusi mbele ya lava nyeusi haonekani mpaka umefika karibu naye.

Sasa angalia jipu. Jipu nyingi za Goma zilitumika kwanza Japani, usukani ukiwa upande wa kuume. Kule magari hupita upande wa kushoto, sawa na Kenya, Uganda na Tanzania. Sisi Kongo tunapita upande wa kuume, kama jirani zetu wa Rwanda. Shofa wote wanajua taabu ya usukani huo wakati wa kupita lori. Taabu ya fari ni wachache wanaoijua, nayo ndiyo kubwa zaidi usiku.

Taa fupi haimuliki sawasawa pande zote. Upande mmoja mwanga umekatwa chini, ili usimpige machoni shofa anayekuja mbele yako. Upande wa pili umeinuliwa kidogo, ili umulike pembeni ya barabara, pale wanapotembea watu. Kwa fari iliyotengenezwa Japani, mwanga ulioinuliwa uko kushoto. Ukiileta Ndosho kazi yake inageuka: mwanga unaingia machoni mwa motari anayekuja, na pembeni ya kuume, alipo mama mwenye mtoto mgongoni, panabaki giza. Fari yenyewe ni nzima. Ilitengenezwa kwa barabara za inchi nyingine tu.

Kujua yako ni ya namna gani hakuhitaji mashini. Wakati wa giza simamisha jipu mahali tambarare, mita 10 mbele ya ukuta. Washa taa fupi, funika fari moja kwa nguo nzito kwa muda mfupi, tazama mwanga wa ile nyingine, kisha fanya vile kwa ya pili. Utaona mstari kati ya mwanga na giza. Mstari ukipanda upande wa kuume, ni vema. Ukipanda kushoto, fari si ya barabara zetu. Tazama pia kioo chake: kwa fari zenye herufi E ndani ya duara, mshale wenye kichwa kimoja maana yake fari ni ya magari yanayopita kushoto.

Dawa yake ni kubadili fari nzima. Kubadili ampule peke yake hakusaidii. Kwa Land Cruiser za zamani zenye fari za mviringo kazi si ngumu, kwa sababu fari ya ukubwa ule, karibu sentimita 18, inaingia katika magari ya namna nyingi. Mwambie mwuzaji wazi kwamba unataka ya kupita kuume. Kwa jipu za sasa zenye fari za plastiki bei ni ya kuumiza, nakubali. Wengine wanabandika utepe mweusi juu ya sehemu inayoinua mwanga. Hiyo inamhurumia anayekuja mbele, lakini haileti mwanga kuume. Ukiwa katika hali hiyo, punguza mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa jipu inakula karibu mita 17 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki umekwisha kupita mita 25, na juu ya changarawe unahitaji nyingine 35 za kusimama. Mtu mwenye nguo nyeusi mbele ya taa fupi mara nyingi haonekani kabla ya mita 30. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Hata kwa kilomita 40 haitoshi, ingawa kinachokosekana ni kidogo.

Najua wengi wenu mnafikiri juu ya ampule ya wati 100. Acheni. Waya na soketi za jipu zilipangwa kwa ampule ya wati 55 au 60. Ukiweka 100, soketi inayeyuka na kikombe kinachong'aa ndani ya fari kinaungua, halafu utaona kidogo kuliko mwanzo. Ampule za LED za bei rahisi ndani ya fari ya zamani nazo zinatawanya mwanga ovyo: wewe unaona weupe mwingi karibu na bampa, mwenzako haoni kitu.

Mwanga mwingi unapotea njiani kati ya betri na fari. Volti zikipungua sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu sehemu tatu za kumi. Mwambie fundi apime volti kwenye ampule yenyewe, injini ikizunguka. Akute kutu kwenye waya wa masi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari, ausugue. Akiweka rele na waya mnene kutoka betri, ampule ileile itawaka kama mpya. Asiishike ampule ya halojeni kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaipasua.

Vumbi letu ni lava iliyosagwa. Usilipanguse kikavu, linakwaruza kama msasa. Mwagia kwanza kikombe cha maji. Najua maji ni taabu, lakini kikombe kimoja kwa fari moja kinatosha.

Na mzigo? Ukijaza magunia nyuma, pua ya jipu inainuka na fari zinamulika majani ya miti. Pima ukutani tena ukiwa na mzigo: kwa mita 10, mstari uwe chini ya kimo cha fari kwa sentimita 10 hivi. Na ukikuta ukungu katika vilima vya Masisi usiwashe taa ndefu, ukungu utakurudishia mwanga machoni.

Macho nayo ni fari. Mtu wa miaka 60 anapokea ndani ya jicho karibu theluthi ya mwanga anaoupokea kijana wa 20. Shofa mzee ambaye kila taa inamtawanyikia kama jua aje tumwangalie, labda ni mtoto wa jicho. Anayejigonga jioni ndani ya nyumba yake aje pia, na mtoto wake vilevile, kwani huenda ni ukosefu wa vitamini A. Mama, sombe, lenga-lenga, mawese mekundu na maini vinasaidia.

Ninyi mnaotembea kwa miguu, tembeeni upande wa kushoto, mkiangalia magari yanayokuja. Mama, mvalishe mtoto wa bidoni shati jeupe. Na kwa mwenye chukudu katika jamaa: pigilia kioo chekundu cha baiskeli nyuma, chini kabisa karibu na gurudumu. Ukikiweka juu, gunia la makala litakifunika.