Hita Huwaka na Kuzima

Swali: Fundi, nimehamia Minneapolis kutoka Kigoma, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi. Hita ya gesi ya nyumba huwaka dakika chache, kisha huzima. Nifanyeje?

Jibu: Anza na chujio la hewa. Likijaa vumbi, hewa haipiti, mashine hupata joto kupita kiasi, na swichi ya usalama huzima moto. Zima hita, chomoa chujio, liinue mbele ya taa; usipoona mwanga, nunua jipya la kipimo kilekile, kilichoandikwa pembeni. Kisha toka nje ukague mabomba ya hewa na moshi ukutani, maana theluji huyaziba. Wageni wengi hawalijui hili. Moto ukidumu sekunde chache tu, yaelekea kihisi cha moto kimechafuka, mwite fundi.

Kinachonitia hofu ni moto wa njano badala ya buluu. Huenda kuna kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. King'ora chake kikilia, au mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja, tokeni nje upesi, ndipo mpige simu ya dharura, 911. Na tafadhali, usiwashe jiko la mkaa ndani ili muote moto.